Barua Pepe za Kampuni ya Kibiti Zikae Wapi, na Azishike Nani

Kaa wa matope anayevuliwa kwenye mikoko ya Mbuchi au Maparoni husafirishwa akiwa hai. Huvushwa kwa boti hadi nchi kavu, hupandishwa gari kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo hupakiwa kwenye ndege ya China. Karatasi zake humtangulia: ankara, orodha ya mzigo, cheti cha afya kutoka kwa maofisa wa uvuvi, hati ya mizigo ya ndege. Siku hizi karatasi hizo hutumwa kwa barua pepe, na zikichelewa, mzigo hulala uwanjani na kaa wakaanza kufa ndani ya matenga. Mwenye kampuni ya namna hiyo pale Kibiti ana kila sababu ya kuuliza swali ambalo wengi wamezoea kuliona la watu wa mjini: barua zangu zinakaa wapi, nani anazishika, na ziendeshwe na programu ipi?

Majibu ya swali hili yako mengi, lakini karibu yote yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme wake haukatiki na fundi wake yuko ghorofa ya chini. Kibiti ni mji wa njiani, kama kilomita 140 kusini ya Dar es Salaam, kwenye barabara ya Lindi na Mtwara. Ukiiacha lami kuelekea mashariki unaingia kata za delta, yaani Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, ndani ya msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Huko safari hupangwa kwa maji kujaa na kupwa, na mtandao wa simu hushika mahali pamoja, ukikata kona ya mto umepotea. Kampuni zake ni ndogo: wanunuzi wa kaa na kambamiti, wa korosho na ufuta, wenye boti za Nyamisati kwenda Mafia, kambi za watalii kando ya Mto Rufiji, asasi za kurejesha mikoko. Nyingi hutegemea anwani ya bure ya Gmail au Yahoo ambayo mtu mmoja aliifungua kwa simu yake.

Madhara ya anwani hizo huonekana siku karani anapoacha kazi. Anaondoka na sanduku zima: wateja, mikataba, orodha ya madeni, mazungumzo ya bei ya miaka mitatu. Tena tapeli anayetaka kumwibia mnunuzi wako wa Guangzhou hana haja ya kuvunja chochote. Anafungua anwani ya bure inayotofautiana na yako kwa herufi moja, anatuma ankara yenye namba mpya ya akaunti ya benki, na fedha za mzigo zinakwenda kwake. Kikoa cha kampuni, tuseme kinachoishia na .co.tz, hakimzuii mwizi huyo, ila kinampa mnunuzi kitu cha kukagua. Serikali ililimaliza jambo hili kwa upande wake: halmashauri na ofisi za umma zina anwani za go.tz kwenye mfumo unaoendeshwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA. Mfanyabiashara binafsi hana wa kumjengea.

Mimi naona jina la programu ni swali la tatu. La kwanza ni mahali mashine itakapokaa, la pili ni mtu atakayeishika, na majibu ya hayo mawili yakipatikana, la tatu huwa limeshajibika nusu.

Nianze na mahali. Wamiliki wengi wangependa seva iwe ofisini, iwe mbele ya macho yao. Naielewa tamaa hiyo, lakini Kibiti haiisaidii. Bwawa la Julius Nyerere liko kwenye mto huuhuu wa Rufiji na lina uwezo wa megawati 2,115, lakini wingi wa umeme bwawani haumwondolei mtu wa huku nguzo iliyoanguka wala radi ya masika. Ukielekea delta, hewa ya chumvi hula viunganishi vya kompyuta kimyakimya hadi diski inagoma. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti, na hakuna diski inayostahimili maji. Hata ofisi ikiwa mlimani na betri ikiwa nzuri, bado kuna anwani ya IP. Laini ya kawaida ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo seva nyingine za dunia haziwezi kuifikia yako. Anwani ya kudumu lazima uiombe kwa mtoa huduma na uilipie, na hata ukiipata, huenda bado imo kwenye orodha za anwani ambazo Gmail haitaki kupokea barua kutoka kwake.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba barua pepe ilikuja Afrika Mashariki kupitia laini mbovu kuliko hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Lusaka na Harare kwa modemu na simu za mezani: kompyuta zilikusanya barua, zikapigiana simu laini ilipopatikana, zikabadilishana mafurushi, zikakata. Tabia hiyo ya kuhifadhi kwanza na kupeleka baadaye bado imo ndani ya SMTP, itifaki inayosafirisha barua zote za leo. Seva ya mpokeaji ikiwa imezimika, seva ya mtumaji haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua nitakayoirudia hapa chini, isipobadilishwa mipangilio, hujaribu kwa siku tano kabla ya kumrudishia mtumaji taarifa ya kushindwa. Mifumo ya kujaza fomu mtandaoni humtaka mtu awe hewani ili kazi iende. Barua pepe inamsubiri, na kwa mtu anayesafiri delta kwa maji hiyo ni fadhila kubwa.

Kwa sababu hiyo, nafasi bora ya seva ya kampuni ya Kibiti ni Dar es Salaam, kwenye kituo cha data kinachokodisha seva ndani ya nchi. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo ofisi iliyoweka kila kitu Ulaya au Marekani inaweza kushindwa hata kupeleka barua kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Mawasiliano ya ndani, yanayobadilishwa kwenye kituo cha TIX pale Dar es Salaam, hayahitaji kuvuka bahari. Seva ikiwa Dar, karani wa Kibiti na ofisa wa mizigo wa uwanja wa ndege huendelea kuandikiana hata bahari ikiwa imekatika.

Kuna sharti moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Majina ya kikoa nayo yajibiwe na seva iliyo ndani ya nchi. Seva ya barua inaweza kuwa Kijitonyama, lakini ikiwa rekodi za jina lake ziko Marekani pekee, mkongo ukikatika hakuna atakayeipata. Vilevile kichujio cha barua taka huuliza orodha za nje kila barua inapoingia. Zisipojibu, kila barua hukwama kwa sekunde kadhaa, na fundi asiyejua sababu ataanza kuilaumu seva. Muda wa kusubiri majibu hayo upunguzwe mapema, kabla ya siku ya dhiki.

Intaneti kukatwa nchi nzima ni jambo jingine. Ilitokea siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na ikachukua takriban siku tano kurudi. Ukiilinganisha na zile siku tano za foleni, unaona hatari yake: barua ya mnunuzi wa nje iliyotumwa siku ya kwanza ingeweza kurudishwa kwake saa chache kabla ya laini kufunguka. Dawa yake ni seva ya pili ya kupokelea, ndogo kabisa, iliyokodiwa nje ya nchi, yenye Postfix peke yake na foleni iliyorefushwa hadi wiki mbili. Haihifadhi masanduku. Inashika barua zinazokuja mpaka ya Dar ionekane tena. Iwekewe orodha ya anwani halali na kichujio kilekile, maana watumaji wa barua taka hupenda kuingilia mlango wa nyuma.

Kuhusu kusoma, kila kompyuta ya ofisi iwe na programu inayotumia IMAP, itifaki ya kusomea barua zilizo kwenye seva, na kuhifadhi nakala ndani yake. Thunderbird inatosha na ni ya bure. Kusomea kwenye kivinjari hula bando kila unapofungua ukurasa, na laini ikikatika huoni hata barua ya jana. Ofisa aliye Nyamisati akisubiri maji aweze kufungua mkataba wa mwezi uliopita, aandike majibu matatu, ayaache kwenye kisanduku cha kutoka. Yatakwenda yenyewe simu ikishika mtandao.

Sasa programu. Chini ya mifumo huria mingi kuna jozi ileile: Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, hupokea na kutuma, Dovecot ya Timo Sirainen, iliyoanza 2002, hutunza masanduku na kuwafungulia wasomaji. Juu ya jozi hiyo huja kichujio, siku hizi zaidi Rspamd, na ukurasa wa kivinjari kama Roundcube au SOGo. Ukimpata fundi anayeijua jozi hii kwa mkono, faili kwa faili, mwache aijenge hivyo. Itatumia mashine ndogo na itadumu. Lakini fundi huyo akihama, anayemfuata atakuta mipangilio ambayo aliyeijua ni mmoja tu.

Ndiyo maana vimetengenezwa vifurushi. Mail-in-a-Box hutaka mashine nzima iwe yake, hukubali mabadiliko machache, na inawafaa watu watano. iRedMail hujengwa vizuri juu ya Debian au Ubuntu na huridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 4, ila toleo lake la bure hukuachia kazi ya kupandisha matoleo kwa mkono, hatua kwa hatua, kwa kufuata maelekezo ya kila toleo. Kazi hiyo huahirishwa, na ikiahirishwa mara mbili huwa haifanyiki tena. Mailcow, inayotoka Ujerumani, huweka kila sehemu ndani ya kasha lake la Docker, hushauri gigabaiti 6 za kumbukumbu, na hukujia na amri moja ya kupandisha toleo na nyingine ya kuchukua nakala rudufu. Masasisho yake ni mazito, hivyo kwenye laini ya Kibiti yangemaliza bando; kwenye kituo cha data Dar hayasumbui. Kwa kampuni ya masanduku kumi hadi thelathini, naichagua Mailcow, kwa sababu fundi wa pili atakayeitwa ataikuta ilivyo kila mahali na hatahitaji kumtafuta wa kwanza.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini nasisitiza jambo hilo. Januari 2025 Dovecot ilitoa toleo la 2.4, ambalo faili za mipangilio za zamani hazifanyi kazi ndani yake mpaka ziandikwe upya, na uwezo wa kunakilisha masanduku kati ya seva mbili, uliokuwemo kwa miaka mingi, ukaondolewa. Agosti mwaka huohuo Debian 13 ikatoka na Dovecot hiyo ndani. Aliyejenga kwa mkono kisha akapandisha Debian bila kusoma, aliamka na seva inayopokea barua ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Mwenye kifurushi alisubiri watengenezaji wake wamalize kazi hiyo.

Zimbra inahitaji kusemwa peke yake, kwa kuwa ina sifa kubwa: kalenda, anwani za pamoja, ukurasa mzuri, vyote mahali pamoja. Ilinunuliwa na VMware mwaka 2010, ikauzwa kwa Telligent 2013, ikaishia Synacor 2015. Kuanzia toleo la 9, mwaka 2020, kampuni iliacha kutoa toleo huria lililo tayari kusakinishwa, na toleo la 8.8.15 ambalo watu wengi walibaki nalo lilifikia mwisho wa matunzo Desemba 31, 2023. Agosti 2022 watafiti wa Volexity waliripoti seva za Zimbra zaidi ya 1,000 zilizovunjwa kupitia matundu ya programu hiyo. Fundi akikuletea 8.8.15 leo kwa hoja kwamba ameizoea, mkatalie kwa upole na usirudi nyuma. Zimbra ya kulipia ni jambo tofauti, na mwenye fedha anaweza kuifikiria.

Exchange ya Microsoft ni chombo chenye nguvu kwa kampuni kubwa yenye kikosi chake cha TEHAMA. Machi 2021 matundu yake yalifungulia wadukuzi makumi ya maelfu ya seva duniani, nyingi za ofisi ndogo zisizokuwa na mtu wa kuziba siku hiyohiyo. Matoleo ya 2016 na 2019 yalifikia mwisho wa matunzo Oktoba 14, 2025, na linalofuata ni la malipo ya kila mwaka. Sioni kampuni ya Kibiti inayolihitaji. Stalwart, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust na kuweka kila kitu ndani ya programu moja nyepesi, inanivutia kweli, lakini bado ni changa na mafundi wanaoijua ni wachache mno. Roundcube ni nzuri ila isasishwe: Juni 2025 lilizibwa tundu lililokuwa limekaa ndani yake kwa takriban miaka kumi.

Kupokea ni rahisi kuliko kutuma, na hapa ndipo seva nyingi changa hukata tamaa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hudai kila mtumaji ajithibitishe. Anwani ya IP iwe na rekodi ya PTR inayoigeuza kuwa jina lako, na hiyo huiweki mwenyewe. Huombwa kwa mwenye kituo cha data. Kikoa kiwe na SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma, na DKIM inayotia sahihi kila barua. Anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku lazima awe na DMARC pia, na wewe unayetuma ishirini iweke hata hivyo, kwa kuwa ndiyo inayowaambia wapokeaji wazikatae barua zilizoghushiwa kwa jina lako. Yote yakiwa sawa, bado anwani mpya huonekana ngeni kwa miezi, na cheti cha kaa kinaweza kuangukia folda ya barua taka ya mnunuzi. Kwa biashara isiyoweza kusubiri, ni busara barua za kutoka zipitishwe kwa kampuni ya kusambaza barua yenye jina lililojengeka, huku masanduku yakibaki kwako. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni kuharibu maana ya kujitegemea. Siwaungi mkono, chenye thamani ni kumbukumbu zilizo ndani ya sanduku, na hizo hazijatoka mikononi mwako.

Delta ina kisa cha zamani kuhusu thamani ya kumbukumbu hizo. Mwaka 1914 Waingereza waliisaka manowari ya Kijerumani Königsberg pwani nzima bila kuiona. Oktoba walipekua meli ya mizigo ya Präsident huko Lindi, wakakuta nyaraka za makaa ya mawe yaliyopelekwa Salale, na Oktoba 30 meli yao ya Chatham ikaigundua ndani ya Rufiji. Manowari ilimalizwa kwa mizinga Julai 1915, lakini karatasi za usafirishaji zilizokuwa kwa mtu mwingine zilikuwa zimeshasema ilipo. Mshindani anayesoma ankara zako anajua bei yako, wateja wako na vijiji unakonunua.

Sheria nayo imeingia humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sanduku la kampuni ya korosho lina majina ya wakulima, namba zao za simu na za akaunti. Kwa macho ya sheria mwenye kampuni ni mkusanyaji wa taarifa hizo, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Seva iliyo Dar hupunguza maswali hayo, haiyamalizi.

Limebaki la mtu. Seva ya barua haitaki fundi wa kila siku, inataka fundi asiyekosekana siku inapougua. Kwa kampuni moja ndogo, kumwajiri hailipi. Kampuni nne au tano za Kibiti, Ikwiriri na Nyamisati zinaweza kuchangia seva moja ya Mailcow, kila moja na kikoa chake, na kumlipa fundi mmoja wa Dar kwa mkataba wa mwezi pamoja na msaidizi aliye Kibiti. Kampuni hizo hushindana kwenye kaa, kwa hiyo mkataba utamke kwamba fundi hasomi barua, na kumbukumbu za nani aliingia lini zipelekwe pia kwa mtu mwingine asiyekuwa yeye. Ambao hawawezi kukubaliana, wala hawana wa kumwita, wasijenge seva. Wakodi masanduku kwa mwenyeji wa tovuti wa hapa nchini, ambaye mara nyingi huendesha cPanel yenye Exim, inayofanya kazi ileile ya Postfix, na Dovecot ndani yake, na kikoa wakisajili kwa jina la kampuni. Hapo watapata karibu nusu ya faida yote, na siku wakitaka kuhama, watahama na anwani zao.

Usajili huo wa kikoa uangaliwe mapema kuliko kitu kingine chochote, kwani mara nyingi fundi husajili kwa jina lake na barua pepe yake binafsi. Kisha kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwambie azime seva, achukue nakala rudufu ya jana iliyohifadhiwa mahali pengine, aisimamishe kwenye mashine tupu mbele yako, na ankara ya wiki iliyopita ifunguke na viambatisho vyake. Ikifunguka, mlipe. Zoezi hilo lirudiwe kila mwaka mwezi Septemba, kabla msimu wa korosho haujaanza na kila mtu hajawa na haraka.